Mwananchi Si "Mdau" Tu: Uhakiki wa Mashauriano ya Mkakati wa Tabianchi

Katika Mkakati wa Taifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 2012, na katika ule wa 2021 hadi 2026 ulioufuata, neno "wadau" limeota mizizi. Hatuna ugomvi na neno. Tunahoji siasa iliyojificha ndani yake.

"Wadau" humweka katika safu moja mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, mfadhili wa kutoka nje, ofisa wa wilaya na mama anayeanika dagaa Igombe. Katika orodha ya mahudhurio wote ni sawa. Lakini ziwa haliwatendei sawa. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalivunja rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakafurika tena. Maji yakiingia mwaloni, mwenye mtaji huhamisha mali yake. Kibarua wa mtumbwi hana cha kuhamishia. Mvua ikinyesha nje ya majira, dagaa huharibika mchangani, na hasara ni ya mwanikaji. Basi kuwahesabu wote kuwa wadau sawa ni kuficha tofauti za kitabaka kwa neno la heshima.

Wako watakaotujibu kwamba tabianchi ni sayansi, na mvuvi hana sayansi. Hoja hii tuipime kwa historia.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuagiza kwamba wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Hata hivyo, katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, mahali pengi watu walihamishwa kwa amri, na kwingine wakapelekwa pasipo maji wala udongo wa kutosha. Msimamo ulikuwa sahihi. Urasimu ndio uliougeuza. Chama kisichojikosoa hakijifunzi.

Upande wa pili tuna Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi, HASHI, ulioanza 1986, ulitilia mkazo kwanza vitalu vya miche na miti ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja pale ngitili ya Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, ilipofanywa msingi wa kazi. Wataalamu hawakufukuzwa, walikaa chini wakasikiliza, na misitu ikarudi.

Kwa hiyo kada anapoona mashauriano yameitishwa aulize maswali matatu.

Kwanza, lugha. Mkakati wa 2012 ulitolewa kwa Kiingereza. Anayeombwa maoni juu ya andiko asiloweza kulisoma haombwi maoni, anaombwa saini.

Pili, wakati. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mkutano wa saa nne asubuhi, siku za giza, humkuta mvuvi amelala na mwanikaji yumo kazini. Watakaofika ni wenye nafasi, nao watasema kwa niaba ya wasiokuwapo.

Tatu, na hili ndilo kuu, madaraka. Je, ipo hoja ya Ukerewe au Kirumba iliyobadili hata kifungu kimoja cha rasimu? Kama haipo, mwananchi hakushauriwa, alipewa taarifa.

Ibara ya 8 ya Katiba yetu inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mwenye mamlaka si mgeni mwalikwa katika mkutano wa mipango yake. Mkakati utakaofuata uanzie mwaloni, na kada awe wa kwanza kukaa mchangani.