Wanaofundishwa na Udongo na Magome

Mwaka 1974 mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa akisomea sanaa Uingereza alifunga safari hadi Abuja, mji wa Nigeria ambao leo unaitwa Suleja, kujifunza ufinyanzi. Alikuta kituo kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na ndani yake wanawake wa Kigwari waliofinyanga mitungi mikubwa bila gurudumu. Maarufu kuliko wote alikuwa Ladi Kwali, ambaye picha yake imechapishwa nyuma ya noti ya naira 20. Wagwari hawazungushi mtungi. Mtungi hukaa palepale, na mfinyanzi ndiye anayeuzunguka kwa miguu yake, mgongo umeinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akiuvuta udongo juu kidogo kidogo.

Mwanafunzi huyo alikuwa Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, aliyeingia Uingereza mwaka 1971 akiwa na ujuzi wa michoro ya matangazo. Leo mitungi yake imo katika makumbusho makubwa ya dunia, na bei yake mnadani imefika mamia ya maelfu ya pauni. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Wasanii huulizwa kila mara mawazo yao hutoka wapi, na anayeuliza huwa amekwishajiandalia jibu: ndoto, mapenzi, dhiki za utotoni, siasa za nchi. Yote hayo yamo. Lakini ukiwafuatilia baadhi ya wasanii wa Afrika Mashariki wanaotajwa sana siku hizi, unakuta jibu lingine lisilo na mbwembwe. Mawazo yao mengi hutoka katika kitu wanachokishika. Udongo una tabia zake, gome la mti lina yake, na chuma chakavu vilevile. Msanii hodari huzisoma tabia hizo, akabishana nazo, na mara nyingi akakubali kushindwa pale ambapo kushindwa kunaleta kazi nzuri zaidi.

Odundo huanza na bonge la udongo. Hulitoboa kwa ngumi, huzivuta kuta zake juu, kisha huongeza pingili za udongo moja juu ya nyingine mpaka tumbo la mtungi litokeze. Hukwangua kuta kwa kipande cha kibuyu, jambo alilojifunza Abuja, hadi ziwe nyembamba kiasi cha kustaajabisha. Baada ya hapo huja kazi ya kung'arisha: udongo hupakwa rojo laini la udongo mwembamba, ukasuguliwa, ukaachwa, ukasuguliwa tena. Hakuna rangi ya dukani wala vanishi. Mng'ao wote ni wa mkono.

Rangi huletwa na moto. Udongo wake una chuma ndani. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma hicho hugeuka chekundu na mtungi hutoka na rangi ya machungwa yaliyoiva. Mtungi uleule ukirudishwa motoni pamoja na vipande vya mbao, hewa ikazuiwa, moshi hukinyang'anya chuma oksijeni yake na wekundu hugeuka weusi. Mahali ambapo moshi haukufika vizuri hubaki doa la machungwa, au mstari wa zambarau unaometameta. Mfinyanzi anaweza kuupangia moshi njia, lakini hawezi kuuamrisha. Ndiyo maana hakuna mitungi yake miwili inayofanana, hata pale umbo linapokaribiana.

Na maumbo yenyewe ni ya mwili wa binadamu. Mtungi una shingo, mabega, tumbo, mara nyingine kitovu au vijinundu vilivyojipanga kama uti wa mgongo. Odundo amezunguka makumbusho akitazama vyombo vya kale vya Misri na Ugiriki, sanamu za visiwa vya Cyclades, na mitindo ya nywele ya wanawake wa Kimangbetu wa Kongo. Mwaka 2019, katika maonyesho yake makubwa kwenye jumba la Hepworth Wakefield kaskazini mwa Uingereza, kazi zake ziliwekwa bega kwa bega na vitu vya namna hiyo, ili mtazamaji aone ukoo mzima. Kazi zenyewe kwa kawaida hazina majina. Mtazamaji anaachiwa mtungi tu, atafute mwenyewe ni mama mjamzito, ndege, au bibi aliyeinua kidevu.

Hapa ni haki kuwataja wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, ambao vyungu vyao huuzwa gulioni Matema. Nao hufinyanga kwa mkono, na sheria wanazozitii ni zilezile: udongo ukikauka haraka hupasuka, ukuta mnene mahali na mwembamba mahali haustahimili moto, unyevu ulionaswa ndani hugeuka mvuke na kulipua chombo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Odundo ameondoka kwenye gae, wao bado wako hapo. Tofauti hiyo isidhaniwe kuwa ni ya ustadi peke yake. Soko, shule na jumba la maonyesho vina sehemu yao kubwa.

Kutoka kwenye udongo twende kwenye gome.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 kwa mama Mkikuyu na baba Mwingereza, alisomea uchoraji London, katika shule ya Slade na baadaye shule za Royal Academy. Alifundishwa kuchora juu ya turubai kama wachoraji wote wa Ulaya. Kisha, katika soko la watalii Nairobi, akaona bidhaa zilizoshonwa kwa lubugo, kitambaa cha gome kinachotengenezwa na Waganda. Kitambaa chenye heshima ya kuvikwa wafalme wakitawazwa na kufunikia maiti kilikuwa kimegeuzwa vijikeka vya mezani. Mgongano huo ndio uliomvuta.

Lubugo hutoka kwenye mti wa mutuba, jamii ya mkuyu. Fundi huchanja gome juu na chini, akalibandua kwa ukubwa, kisha shina hufungwa kwa majani ya mgomba lisidhurike, na gome jipya huota. Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa maji ya moto, likapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka litanuke mara kadhaa ya upana wake wa awali, halafu likaanikwa juani lipate wekundu wake wa udongo. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu.

Kwa mchoraji wa rangi za mafuta, lubugo ni mtihani. Lina matundu, makovu, mishono na mikunjo isiyonyooka hata ukilivuta vipi kwenye fremu. Armitage hakuyaficha hayo. Tundu likiangukia usoni, uso unapangwa upya kulizunguka. Mshono ukipita katikati ya picha, unakuwa upeo wa macho au jeraha. Huweka rangi nyembamba, hukwangua, huweka tena, na mtazamaji akisogea huona gome likichungulia chini ya anga na ngozi.

Mwaka 2017, wakati wa kampeni za uchaguzi wa Kenya, alifuatana na wanahabari hadi kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Mkutano huo ulizaa mfululizo wa picha, mojawapo ikiwaonyesha watu waliopanda mti ili waone vizuri, mpangilio unaokumbusha mchoro wa Goya wa watu waliokaa juu ya tawi. Watu wako juu ya mti, na mti wenyewe umechorwa juu ya gome. Hilo halikuhitaji maelezo ukutani.

Wengine wamefundishwa na vitu duni zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya vibao vya mraba kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Rangi ya aina hiyo haipendi kuchanganywa kwa ulaini. Inapenda kukaa mahali pake, nzito na safi. Mnyama wake mmoja aliyejaa kibao kizima, mwenye mistari na madoa, anaelewana kabisa na rangi hiyo. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mtu mwingine, lakini wanafunzi wake waliendelea, na jina lake likawa jina la mtindo.

Cyrus Kabiru naye alikulia Nairobi akitazamana na jaa la Dandora. Alipotamani miwani utotoni baba yake alimwambia ajitengenezee. Amekuwa akijitengenezea tangu wakati huo, kwa nyaya, vijiko na vipande vya chuma, mpaka miwani hiyo ikafika kwenye maonyesho ya kimataifa.

Mwaka 2020 Armitage alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa Nairobi, NCAI, inayoonyesha kazi za wachoraji wa eneo hili, wakiwamo waliomtangulia. Msomaji akipata nafasi ya kuingia humo, au jumba lolote la sanaa Dar es Salaam au Kampala, asianze kwa kuuliza kazi ina maana gani. Asogee karibu, aulize imetengenezwa kwa kitu gani na kimefanywaje hadi kikafika hapo. Kama msanii yupo, amuulize yeye. Swali la maana huwachosha wasanii wengi, lakini hilo la pili hulijibu kwa furaha, tena kwa mikono.