Mpingo wa Kikole na Nyimbo za Alhamisi

Tarehe 1 Januari 1964, siku 11 kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, BBC ilirusha kwa mara ya kwanza kipindi cha Top of the Pops kutoka kanisa la zamani lililogeuzwa studio katika jiji la Manchester. Kipindi kiliendelea wiki baada ya wiki hadi tarehe 30 Julai 2006. Kwa miaka mingi siku yake ilikuwa Alhamisi jioni, na katika miaka ya 1970 kilipokuwa kileleni kilitazamwa na watu wapatao milioni 15. Waingereza waliokuwa watoto enzi zile hadi leo watakutajia nani aliimba nini na alivaa nini.

Uzuri wa kipindi hicho ulitokana na kanuni chache zilizoshikwa barabara. Nyimbo zilipangwa kwa idadi ya sahani zilizouzwa wiki ile. Kwa kawaida wimbo ulioanza kushuka haukupewa nafasi tena, na hakuna uliopigwa wiki mbili mfululizo isipokuwa ule ulioshika namba moja. Mtayarishaji aupende asiupende, wimbo wa kwanza ndio uliofunga kipindi. Kwa hiyo mwimbaji wa mtaani aliyependwa ghafla aliweza kusimama jukwaa moja na nyota wa miaka kumi, mradi watu wametoa fedha zao dukani. Kuna haki ndani ya utaratibu wa namna hiyo, na kuuendesha kwa zaidi ya miaka 40 ni kazi ya mafundi.

Afrika Mashariki ilifika kwenye jukwaa lile mapema. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, aliimba pale na kundi la Queen kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1974. Mwishoni mwa mwaka uliofuata wimbo wao “Bohemian Rhapsody” ulikaa namba moja kwa wiki tisa. Habari hiyo imeandikwa mara nyingi, na Zanzibar inajivunia mwanawe. Ipo habari nyingine ya kwetu ndani ya kipindi kilekile ambayo haijaandikwa sana, nayo inaanzia kwenye misitu ya kusini mwa Tanzania, misitu kama ile ya kijiji cha Kikole, Wilaya ya Kilwa.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1972, wimbo uliokaa namba moja Uingereza kwa wiki tano haukuwa na mwimbaji hata mmoja. Ulikuwa “Amazing Grace”, uliopigwa na kikosi cha jeshi cha Royal Scots Dragoon Guards kwa zumari za mfuko za Waskoti. Miaka mitano baadaye, mwishoni mwa 1977, Paul McCartney na kundi lake la Wings walitoa “Mull of Kintyre” wakiwa na wapiga zumari wa mji mdogo wa Campbeltown. Wimbo huo nao ulikaa namba moja wiki tisa, sawa na ule wa Queen, na ukawa wa kwanza Uingereza kuuza zaidi ya sahani milioni mbili. Majuma yote hayo, nyumba kwa nyumba, sauti ya zumari ndiyo iliyotawala.

Zumari ya mfuko ya Waskoti ina bomba moja la kuchezea vidole, lenye kutoa noti tisa, na mabomba matatu yanayoegemea begani na kuvuma bila kukatika. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, mti ambao mafundi wa Scotland wameuchagua kwa mabomba hayo ni mpingo. Mafundi wa klarineti na obo wameuchagua huohuo. Na mpingo wa kutengenezea ala hutoka hasa katika nchi mbili: Tanzania na Msumbiji.

Wakati huo wote Kilwa haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianza kurusha picha mapema miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994. Sisi tulikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwaita wanamuziki wa bendi studioni, ikawarekodi kwenye kanda, kisha wasikilizaji wakatuma kadi za salamu na kuchagua nyimbo zao. Jina la Kilwa lilisikika humo kupitia Kilwa Jazz, bendi ya Ahmed Kipande iliyopigia muziki wake Dar es Salaam. Mzee wa Kikole aliyesikiliza redio yake barazani hakuwa na namna ya kujua kwamba mti wa aina ile aliokuwa akiupita njiani kwenda shamba ulikuwa unaimba Ulaya, mbele ya mamilioni ya watu.

Ukiutazama mpingo porini hutaudhania makuu. Ni mti mfupi, wenye miiba, mara nyingi wenye mashina kadhaa yaliyopindana, na kiangazi husimama mkavu bila jani. Gome lake ni la kijivu, na ndani ya gome kuna ganda la mti wa rangi ya maziwa. Thamani iko katikati, kwenye kiini cheusi chenye mng'ao wa zambarau kikiwa kibichi. Kiini hicho ni kizito hata kinazama majini. Kina mafuta ya asili yanayokilinda na unyevu wa pumzi ya mpigaji, kinakubali kutobolewa tundu dogo bila kumeguka kingo, na kikishakauka vizuri hakibadilishi umbo kwa urahisi. Mambo hayo manne ndiyo yanayotafutwa na fundi wa ala, na ni miti michache sana duniani inayoyakusanya pamoja.

Bei ya sifa hizo ni muda. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mti uliokatwa wakati “Mull of Kintyre” inapigwa huenda ulichipua kabla Mjerumani hajaondoka Kilwa Kivinje.

Kwa miaka mingi mti wenye historia hiyo ulitoka kusini kwa bei ya kutupa. Mfanyabiashara alikuja na leseni au bila leseni, akakata, akapakia, akaondoka, na kijiji kikabaki na visiki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia nyingine: kijiji kinaweza kutenga msitu wake ndani ya ardhi ya kijiji, kikausimamia, kikauza mazao yake, na mapato yakaingia kwenye mfuko wa kijiji. Kikole walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wilayani Kilwa kuikamata nafasi hiyo. Wakisaidiwa na shirika la MCDI lenye makao yake Kilwa Masoko, walipima mipaka, wakachora ramani, wakaandika sheria ndogo na kuzipitisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na ya kijiji cha Kisangi ikaingizwa kwenye cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mti umevunwa bila kuuharibu msitu. Lilikuwa jambo la kwanza la aina yake barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Ufundi wa ala ya muziki unaanzia hapo, kabla ya randa na keekee. Unaanza na watu wa Kamati ya Maliasili ya kijiji wanaokwenda doria kwa miguu, wakitafuta kisiki kibichi au alama za tairi mahali pasipo na ruhusa. Unaendelea na moto wa mapema, ule unaowashwa kwa makusudi mara mvua za masika zinapokwisha, majani yakiwa bado na unyevu, ili ule moto mkali wa Septemba na Oktoba usikute cha kula. Anayeuwasha lazima ajue upepo unaelekea wapi na nyasi zimekauka kiasi gani. Akiwahi sana hauwaki, akichelewa ndiye atakayekuwa ameunguza miche aliyokusudia kuiokoa.

Kisha kuna kuchagua. Mpingo ni mti wa hadaa, maana shina linaloonekana zima kwa nje mara nyingi lina uwazi ndani. Mkataji mzoefu hapeleki msumeno kabla hajaliuliza. Huzunguka mti mzima akitazama mafundo na mipasuko, hupima unene wake usawa wa kifua kwa tepu, kisha hugonga kwa mgongo wa panga, chini, katikati na juu, sikio likiwa karibu. Mti uliojaa hujibu kwa mlio mfupi mkavu, na ule wenye tundu hujibu kwa mlio mnene unaochelewa kuisha. Basi yule bwana ameupiga ule mti muziki wake wa kwanza, na akasikiliza kama atakavyosikiliza mpigaji wa klarineti miaka mingi baadaye. Ukiwa na uwazi, anauacha usimame, utoe mbegu na kivuli. Mti mmoja ulioachwa kwa haki ni kazi iliyofanyika, ingawa hakuna gogo la kuonyesha.

Gogo lililopita mtihani hugongwa nyundo ya alama na kuandikwa daftarini kabla halijapakiwa. Kiwandani kazi inayofuata ni ya kukataa zaidi kuliko kukubali. Ganda jeupe linatupwa, penye ufa panatupwa, na penye fundo panatupwa. Sehemu inayofaa ala ni ndogo mno, mara nyingi chini ya moja ya kumi ya gogo. Vinavyobaki ni vipande vya mraba, virefu kidogo kuliko mkono wa mtoto, ambavyo ncha zake huchovywa nta ili maji yatoke polepole na mti usipasuke. Vikifika kwa fundi wa ala vinapangwa rafu na kuachwa. Fundi hutoboa tundu la awali, anauacha mti utulie tena, miezi au miaka, ndipo anarudi kuuchonga kwa mashine, kuupaka mafuta na kuweka matundu ya vidole mahali pake. Asiyeweza kusubiri hawezi kazi hii, awe wa Kikole au wa Edinburgh.

Ninapozitafakari kazi hizi mbili, ya kipindi cha Alhamisi na ya msitu wa Kikole, naona zote zilijengwa juu ya orodha. Orodha ya kipindi iliandikwa upya kila wiki, ikataja kilichouzwa na kukiacha kilichoshuka. Daftari la kamati linaandika mti, unene wake, hali yake, umekatwa au umeachwa, na haliwezi kuwa na haraka kwa sababu mti wenyewe hauna. Orodha ya kwanza iliwapa watazamaji furaha ya wiki. Daftari ndilo linalohakikisha kwamba mjukuu wa mpigaji wa leo atapata ala ya kupigia furaha yake.

Kuna jambo moja la huzuni katika historia ya Top of the Pops. Vipindi vingi vya miaka ya 1960 havipo tena. Kanda zilikuwa ghali, zikafutwa ili zirekodiwe vipindi vingine, na hakuna aliyeona ubaya kwa sababu wimbo wa wiki iliyopita ulionekana umekwisha kazi yake. Zumari ya mpingo iliyotunzwa vizuri, kwa upande wake, hurithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na zipo za zaidi ya miaka 100 zinazopigwa hadi leo. Umaarufu ulifutwa na mashine iliyouhifadhi, bali kazi ya mikono iliyofanywa kwa subira imedumu.

Nasema hivi nikijua kwamba nasi tumeingia kwenye dunia ya orodha. Kijana wa Lindi anayetoa wimbo wa Bongo Fleva anahesabiwa watazamaji wa YouTube saa kwa saa, na kabla ya Ijumaa ameshaambiwa kama amefaulu au ameanguka. Simlaumu kwa kutaka kupanda. Muziki umekuwa na mashindano tangu enzi za beni na dansi. Namsihi tu aweke ndani ya wimbo wake kitu cha kiwango cha mpingo: sauti iliyofanyiwa mazoezi, ala iliyojifunzwa, neno lililopimwa. Idadi ya watazamaji haiko mikononi mwake. Kiini cha kazi kiko mikononi mwake.

Na wakubwa wetu nao nina neno nao. Wamakonde wametuonyesha kwa vinyago kile ambacho mkono wa kusini unaweza kuufanyia mpingo. Hata hivyo sehemu kubwa ya mpingo wetu wa ala bado inaondoka nchini ikiwa vipande vilivyopasuliwa, na klarineti moja ya daraja la juu inauzwa Ulaya kwa maelfu ya dola. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, kinafundisha muziki. VETA ya Lindi na ile ya Mtwara zinafundisha ufundi. Ziunganishwe, zianzishe somo la kutengeneza ala za mpingo, na wanafunzi wa kwanza watoke kwenye vijiji vinavyoulinda mti huo. Kikole wamelinda msitu na kuuvuna kwa haki. Kinachodaiwa sasa ni kiwanda na shule, na deni hilo ni la serikali na la sisi tunaopenda muziki.