Mafundi wa Nusu Milimita

Selaginella watsonii haina ua, haina tunda, haina harufu. Humea magharibi mwa Marekani, juu kwenye Sierra Nevada ya California na milima ya Nevada, Utah, Idaho, Montana na Oregon, kuanzia mita 2,000 hivi hadi kupita 4,000, hadi kule juu ambako miti imekwisha kushindwa na theluji hukawia kuyeyuka. Mpanda mlima huikanyaga akidhani ni kuvumwani tu, maana macho yake yako kileleni. Simlaumu. Jani lake moja halizidi milimita nne.

Lakini si kuvumwani. Shina lake, jembamba kama lilivyo, lina mishipa ya kupandisha maji na kushusha chakula, jambo ambalo kuvumwani haina kwa namna hiyo. Ukoo wake ulijitenga na jamaa za kangaga, misonobari na mimea ya maua zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na hadi leo kila kijani chake kina mshipa mmoja tu, usiogawanyika. Nasema haya haraka kwa sababu vitabu vya shule huishia hapo, na mimi nataka kufika kwa watu waliojifunza kuuona mmea huu. Ufundi wao haujapata wa kuusifu vya kutosha.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe kama wanavyoutazama wao, wakiwa wamepiga magoti, lenzi ya kukuza mara kumi imesogezwa karibu kabisa na jicho. Mashina hutambaa juu ya changarawe ya graniti, hugawanyika, hupishana. Kwa wengi wa jamaa zake wa karibu, ambao nitawaita kundi hili, vitawi visivyo na majani huchipuka upande wa juu wa shina, kisha hupinda na kushuka kutafuta udongo, na ncha zake ndizo zinazotoa mizizi. Mshonaji wa mikeka kule Pemba husuka ukili kwanza, akaja kuushona baadaye. Mmea huu husuka na kushona kwa pamoja, na mwamba ndio sakafu yake. Udongo kidogo unaopeperushwa na upepo hunaswa humo, na huo ndio shamba lake lote.

Kiangazi kikikaza, majani hujilaza na kulibana shina, mkeka mzima ukawa wa kijivu, mkavu. Jamaa wa kundi hili wengi huweza kukauka hivyo bila kufa, wakarudia ukijani maji yanapowafikia. Fundi mzuri anajua hilo, na hautangazi mmea kuwa marehemu kabla ya mvua.

Kisha anatafuta shada la spora kwenye ncha ya tawi. Hapo ndipo lenzi inapolipa gharama yake. Shada lina pembe nne, kwa kuwa vijani vyake vimejipanga katika mistari minne. Kwapani mwa kila kijani mna kifuko. Kimoja kimevimba kwa spora kubwa, kwa kawaida nne, ambazo jicho kali huziona kama chembe za mchanga. Kingine kimejaa mamia ya spora ndogo, vumbi tupu. Zile kubwa ni za kike na zile ndogo ni za kiume. Zikishakomaa, mbegu za kiume huhitaji utando wa maji ili ziogelee kufika kwenye yai. Mmea unaoishi juu ya mwamba mkavu bado unangoja maji ya kuogelea! Kwa hilo theluji inayoyeyuka ni rafiki mkubwa kuliko inavyoonekana.

Aliyetufunulia mpango huu kwa ukamilifu hakuwa profesa. Wilhelm Hofmeister wa Leipzig alikuwa mfanyabiashara wa vitabu na nota za muziki, mtu aliyejifundisha mwenyewe, mwenye wembe, hadubini na saa za alfajiri kabla ya kufungua duka. Mwaka 1851 alichapisha kazi iliyoonyesha kuwa kuvumwani, kangaga, selajinela na misonobari vyote hufuata mzunguko mmoja wa vizazi viwili vinavyopokezana. Aliyafikia hayo kwa kukata vipande vyembamba sana, tena na tena, bila mkono kutetemeka.

Sereno Watson, ambaye mmea wetu una jina lake, naye alichelewa kuingia katika kazi hii. Alihitimu Yale mwaka 1847, akapitia ualimu, udaktari na shughuli nyingine ambazo hazikumkaa. Mwaka 1867, akiwa na miaka arobaini, alijiunga na msafara wa Clarence King uliokuwa ukipima nchi kando ya latitudo ya arobaini. Mtaalamu wa mimea wa msafara alipougua, Watson akashika nafasi yake, na kitabu chake cha mimea ya safari hiyo kikatoka mwaka 1871. Baadaye akawa mtunzaji wa mimea iliyokaushwa kule Harvard hadi alipofariki mwaka 1892. Lucien Underwood alipouandika mmea huu kama spishi mpya na kuupa jina lake, ilikuwa mwaka 1898. Mwenyewe hakulisikia.

Je, Underwood aliutambuaje kati ya jamaa zake wanaofanana kama pacha? Kwa ncha ya jani. Majani ya kundi hili huishia kwenye unywele mgumu, na urefu wake, rangi yake, namna unavyoanza ghafla au taratibu, pamoja na vinyweleo vya ukingoni, ndivyo vinavyotenganisha spishi. Kwa watsonii unywele huo ni mfupi, aghalabu nusu milimita au pungufu. Ukishikilia kipande cha mkeka kwa mkono uliokufa ganzi kwa baridi, nusu milimita hiyo ndiyo mpaka kati ya jina na kosa.

Rolla Tryon aliwapanga jamaa hawa upya mwaka 1955, katika kazi ambayo hadi leo nadhani ni kipimo cha subira. Aliona kwamba mimea miwili ya Milima ya Rocky ambayo William Maxon aliitangaza kuwa spishi kamili, scopulorum na standleyi, ni sura tofauti tu za Selaginella densa. Mwaka 1993 Iván Valdespino, akiandika kwa ajili ya kitabu kikuu cha mimea ya Amerika Kaskazini, akazirudisha kuwa spishi. Msomaji asiyezoea hukereka: kwa nini wasikubaliane? Mimi hufurahi. Wanaweza kubishana hivyo kwa sababu kila mmoja aliacha vipande vyake katika bahasha, na lebo yenye mahali, mwinuko, aina ya mwamba na tarehe. Fundi wa kweli huacha kazi yake mahali ambapo mwenzake anaweza kuifumua. Hata maabara za vinasaba hazijawaondolea kazi watu hawa; mfuatano wa vinasaba usio na kipande kilichokaushwa nyuma yake ni ushahidi usio na shahidi.

Nasi hatuko mbali na ukoo huu. Selaginella dregei, jamaa wa kundi hilohilo, hutandaza mikeka yake juu ya miamba ya Afrika, kuanzia kusini hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda ilichapishwa kwa vitabu kuanzia 1952 hadi 2012, na nyuma ya kila ukurasa wake kuna mtu aliyechuma, akabana mmea kati ya magazeti, akafunga mbao kwa mikanda, akabadilisha karatasi zilizolowa kila siku, kisha akaandika lebo kwa mwandiko unaosomeka. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha karibu na mwamba wowote mkavu anaweza kuanza Jumamosi hii. Achukue lenzi, bahasha na penseli, maana wino hutoka lebo ikilowa, na asing'oe mkeka mzima: kipande cha ukingoni chenye shada la spora kinatosha.