Ngome na Aliyemo: Jina la Usonji katika Tawasifu

Jina apewalo mtu na wengine huweza kusomwa kabla ya mtu mwenyewe. Katika maandishi yahusuyo usonji, jambo hili hudhihirika tangu kwenye anwani za vitabu. Mwaka wa 1967, Bruno Bettelheim alichapisha The Empty Fortress, yaani ngome tupu. Jazanda hiyo humweka mtoto ndani ya kuta na mtaalamu nje. Na kwa kuwa ngome imekwisha kuitwa tupu, hakuna anayetarajiwa kuitikia hodi. Aidha, Bettelheim aliwatwika wazazi, hasa mama, lawama ya hali hiyo, dai ambalo utafiti wa baadaye umelikanusha.

Tawasifu ya Temple Grandin, aliyoiandika pamoja na Margaret Scariano mwaka wa 1986, ni sauti itokayo ndani. Anwani yake, Emergence: Labeled Autistic, ina kauli ya kutendwa: msimulizi amebandikwa jina, na aliyelibandika hatajwi. Hata hivyo, katika usimulizi nafsi ya kwanza ndiyo itawalayo. Grandin anaeleza kwamba utotoni alielewa aliyoambiwa ilhali maneno hayakumtoka, hivyo akapiga mayowe. Mayowe hayo, ambayo walio nje waliyaona kuwa ukosefu wa lugha, kwake yalikuwa ndiyo lugha.

Pamoja na ufanisi huo, anwani ya Grandin haijaepukana na jazanda ya Bettelheim. Kuibuka kunadai pawe na mahali pa kuibukia. Jim Sinclair, katika makala yake ya 1993 iitwayo Don't Mourn for Us, aliukana ukuta wenyewe: hakuna mtoto mwingine aliyefichwa nyuma ya usonji. Mnamo 1999 alipinga pia mtindo wa Kiingereza wa kumtaja mtu kwanza, kisha usonji kama kitu alicho nacho.

Hoja hii inamhusu mfasiri wa Kiswahili. Usemi uliozoeleka ni "mwenye usonji". Lakini kivumishi -enye huambatanishwa na homa ipitayo, kama vile kinavyoambatanishwa na busara isiyotengana na mwenyewe. Sarufi imeliacha suala wazi, na yafaa mfasiri naye aliache hivyo. Akiandika "anayeugua usonji", atakuwa amemwamulia msimulizi, na msomaji hatatambua kwamba uamuzi huo haukuwa wa Grandin wala wa Sinclair.