Nafsi na Hadhira Katika Nyimbo za Wachimba Makaa ya Mawe: Redio Ilichagua Nini?

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imezoeleka kudai kwamba wimbo unaodumu ni ule uliokubaliwa na jamii, na kwamba uliosahauliwa ulikosa mashiko miongoni mwa hadhira yake. Dai hili lilikuwa na nguvu wakati mwimbaji na hadhira walipokuwa katika uwanja mmoja. Tangu redio ilipoingia kati yao, yupo mtu wa tatu: yule anayeamua santuri ipi ichezwe na ipi ibaki kabatini. Makala haya yanakusudia kumchunguza mtu huyo kwa kuzitazama nyimbo chache za wachimba makaa ya mawe wa milima ya Appalachia nchini Marekani, pamoja na mifano miwili ya Uingereza. Tumeziteua nyimbo hizi kwa kuwa historia ya kutungwa na kurekodiwa kwake inafahamika vyema, na pia kwa kuwa baadhi yake si ngeni masikioni mwa msikilizaji wa Kenya, ambako muziki wa kantri umekuwa na wapenzi wengi kwa miongo mingi.

Kuna jibu la haraka ambalo mwanafunzi wa nadharia ya Umaksi atalitoa kabla hatujamaliza kuuliza: kwamba redio, ikiwa chombo cha mabwanyenye, ilizikataa nyimbo za malalamiko na kuzikubali za burudani. Jibu hili halitoshi. Wimbo wa mchimba makaa uliovuma hewani kuliko wote ni malalamiko matupu, tena yanayoitaja kampuni waziwazi. Kwa maoni yetu suala halimo katika maudhui peke yake. Limo katika nafsi: ni nani anayesema, na anamwambia nani.

Tuanze na wimbo huo uliovuma, “Sixteen Tons”. Merle Travis, mwana wa mchimba makaa wa wilaya ya Muhlenberg jimboni Kentucky, aliurekodi mwaka 1946, na ukatoka mwaka uliofuata katika mkusanyiko alioutengeneza kwa kampuni ya Capitol. Kampuni ilitaka nyimbo za kienyeji. Travis, pamoja na kuimba za jadi alizozijua, akatunga nyingine mpya zilizofanana nazo. (Wanaosisitiza kwamba wimbo wa jadi hauna mtunzi wala soko watakuwa na kazi ya kueleza jambo hili.) Kiini cha wimbo ni deni. Katika migodi mingi ya wakati ule mchimbaji alilipwa kwa vipande vilivyotumika katika duka la kampuni tu, na mara nyingi alikuwa amekwisha kukopa zaidi ya alichokuwa akikichuma. Msomaji aliyewahi kuishi kwa daftari la muuza duka hadi mwisho wa mwezi hahitaji maelezo marefu.

Hata hivyo Travis aliona kwamba wasikilizaji wa mbali wangehitaji maelezo, na kabla ya kuimba alizungumza kidogo, gitaa likisikika chini kwa chini. Utangulizi huo ni sehemu ya utendaji, kama vile fanani wa ngano anavyoiandaa hadhira yake kabla ya kuingia katika kisa. Unamweka mwimbaji mahali fulani, miongoni mwa watu fulani.

Mkusanyiko huo haukuvuma. Mnamo Septemba 1955 Tennessee Ernie Ford, aliyewahi kuwa mtangazaji wa redio mjini Bristol, akaurekodi upya wimbo huo. Maneno ya utangulizi hayamo. Gitaa la kienyeji limeondoka. Badala yake ipo klarineti na mlio wa vidole. Wimbo uliwekwa upande wa pili wa santuri, lakini watangazaji wa muziki waliigeuza santuri, na kabla ya Novemba kwisha ukawa wa kwanza katika orodha ya Billboard. Uingereza nayo ikaupokea katika nafasi ya kwanza Januari 1956.

Tofauti ya matoleo haya mawili haimo katika beti. Imo katika uwiano wa tanzu mbili zilizofumwa pamoja. Mkarara ni wimbo wa kazi na wa deni, lakini beti kadhaa ni majigambo: mwimbaji anasimulia alivyozaliwa, nguvu alizo nazo, na hatari inayomngoja atakayethubutu kusimama mbele yake. Aliyesoma vivugo ataitambua fani hii mara moja. Katika toleo la Travis, utangulizi unayafanya majigambo yasikike kama utani wa watu waliolemewa. Anapoyaimba Ford, kwa sauti nzito isiyo na haraka, majigambo yanatangulia na deni linageuka kuwa pambo la ujasiri wake. Msikilizaji hatakiwi kufanya lolote isipokuwa kustaajabia. “Mimi” wa wimbo huu anajitosheleza. Analalamika na kujisifu, na tukisha kumsikiliza tunaweza kurudi katika shughuli zetu.

Sasa tulinganishe na “Which Side Are You On?” wa Florence Reece. Aliutunga mwaka 1931 katika wilaya ya Harlan, Kentucky, wakati wa mapambano makali kati ya wachimbaji na wenye migodi. Mumewe, Sam, alikuwa mwanachama mtendaji wa chama cha wafanyakazi, na watu wa J. H. Blair, mkuu wa polisi wa wilaya hiyo, walikuja kumsaka nyumbani. Reece alichana karatasi ya kalenda akaandika beti, akizipachika kwenye lahani ya wimbo wa kanisani. Blair anatajwa kwa jina. Lakini hata tukilifuta jina lake, bado pana kitu ambacho hakifutiki: wimbo wote ni swali, nalo linaelekezwa kwa anayesikiliza. Anaulizwa yuko upande gani, na wimbo hautambui upande wa tatu. Msikilizaji wa redio, aliyekaa sebuleni na kikombe chake cha chai, ndiye huyo wa upande wa tatu. Wimbo unaichukua nafasi ileile ambayo redio imempa.

Huenda tukapingwa kwamba Reece hakuwa mwimbaji wa kulipwa, na kwamba wimbo wake ulikosa tu kampuni kubwa ya kuusambaza. Pingamizi hili lina uzito, lakini halimalizi hoja. Kundi la Almanac Singers liliurekodi wimbo huo mwaka 1941. Wawili wa kundi hilo, Pete Seeger na Lee Hays, walikuwa baadaye katika The Weavers, ambao mwaka 1950 walitawala hewani kwa “Goodnight, Irene”, wimbo wa mtu anayelilia mapenzi yake. Kabla ya siasa zao kuwafungia milango ya redio, sauti zao zilikuwa zimekwisha kukubalika. Swali la Reece halikuwamo katika yale yaliyokubalika.

“Coal Miner’s Daughter” wa Loretta Lynn, uliotoka mwaka 1970 na kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri, hautuchukulii muda mrefu. Ni wimbo mzuri, na taswira zake za nyumba ya umaskini ni za mtu aliyeishi humo. Hata hivyo mtendewa katika wimbo huo ni baba, na anayesema ni binti aliyekwisha kuondoka. Mgodi uko katika wakati uliopita. Lynn mwenyewe alieleza kwamba alitunga beti nyingi zaidi na kwamba mtayarishaji wake, Owen Bradley, alitaka zipunguzwe.

Hazel Dickens wa West Virginia anatudai zaidi. Wimbo wake “Black Lung” aliutunga kutokana na kifo cha kaka yake, Thurman, aliyeuawa na vumbi la makaa lililojaa mapafuni. Hapa nafsi ya pili inarudi, ila anayeambiwa ni ugonjwa wenyewe, kana kwamba umeketi kando ya kitanda. Kisha jicho la mtunzi linamgeukia mwajiri. Dickens aliuimba bila ala, kwa sauti kali isiyotafuta kupendeza. Klarineti isingepata pa kuingilia. Wengi walimjua kupitia matamasha na kupitia filamu ya Barbara Kopple ya mwaka 1976, Harlan County, USA, ambamo Florence Reece naye, akiwa mzee, anaonekana akiwaimbia wagomaji.

Redio yenyewe si ya aina moja. Tarehe 18 Agosti 1961 BBC ilitangaza The Big Hewer, kazi ya Ewan MacColl, Peggy Seeger na Charles Parker. Walikwenda na kinasasauti katika maeneo ya migodi ya Uingereza na Wales, wakarekodi mazungumzo ya wachimbaji, kisha wakayafuma na nyimbo mpya. Wakati ambapo maneno ya wafanyakazi yalizoeleka kusomwa na waigizaji, hapa wachimbaji walisikika kwa lafudhi zao wenyewe. Mhimili wa kazi hiyo ni shujaa wa visasili, mchimbaji mwenye nguvu za ajabu ambaye kila eneo humdai kuwa wake; mwanafunzi wetu aliyezoea visa vya Fumo Liyongo hatapotea njia. Humo umo wimbo “Schooldays Over”, ambao mtu mzima anamwamuru kijana aliyemaliza shule ajiandae kuingia mgodini. Nafsi ya pili imo, na ni ya kuumiza. Lakini anayeamriwa ni mhusika ndani ya mchezo, nasi tunasikia amri hiyo kwa jirani. Isitoshe, migodi hiyo ilikuwa mali ya taifa tangu 1947, na BBC haikumtegemea mfanyabiashara wa matangazo. Kazi nane za namna hiyo zilitolewa kati ya 1958 na 1964, kisha mradi ukasitishwa.

Jambo hili linagusa madarasa yetu moja kwa moja. Mwanafunzi anayetumwa kukusanya nyimbo za kazi hurejea mara nyingi na zile alizozisikia redioni au alizoimbiwa na watu walioziokota huko. George Korson, aliyechapisha mikusanyiko yake mwaka 1938 na 1943, aliwaendea wachimbaji wenyewe; Archie Green, katika Only a Miner ya 1972, alizifuata santuri. Kila njia huleta nyimbo zake. Mwanafunzi aulizwe ameipita ipi, na katika nyimbo alizoleta ahesabu ni ngapi zinazomwelekea msikilizaji moja kwa moja.

Ushahidi wa mwisho unatoka katika mgomo wa wachimbaji wa Uingereza wa 1984 hadi 1985. Billy Bragg aliandika beti mpya za wimbo wa Reece kwa ajili ya mgomo huo, akauweka katika santuri fupi ya nyimbo nne iliyofika nafasi ya 15 mwaka 1985. Alipokaribishwa katika kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, aliimba ule uliobeba jina la santuri, “Between the Wars”, ambao msemaji wake ni mfanyakazi anayejieleza. Wimbo wa Reece ulikuwamo katika santuri hiyohiyo, kwa ajili ya aliyekwenda dukani kuinunua.