Kambi Tatu Zilizowafikisha Kileleni mwa Kibo

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walisimama juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na tangu hapo masimulizi mengi yamelisifu shoka la barafu. Ukifuata mpangilio wa safari yenyewe, unaona kwamba ushindi ulijengwa chini zaidi. Mwaka 1887 Meyer alikwama mbele ya ukuta wa barafu akarudi. Safari ya 1889 aliweka kambi tatu: kubwa Marangu kwa mtawala wa hapo, Mangi Marealle, ya kati karibu mita 2,900 msitu unapoishia, na ndogo karibu mita 4,300 chini ya Kibo. Wapagazi walipanda na kushuka kati yake wakipeleka chakula, na kwenye kambi ya juu alikaa Muini Amani, mtu wa Pangani, katika baridi ile ya usiku. Kwa hiyo wapandaji waliweza kushindwa, wakapumzika, wakajaribu tena bila kuteremka hadi Marangu.

Na kweli walishindwa kwanza. Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku, wakachonga ngazi kwenye barafu, wakafika ukingo wa kasoko mchana wakiwa hoi. Kilele walikiona, lakini muda haukutosha. Atasema mtu kwamba bila ujuzi wa Purtscheller chakula kisingewafikisha popote. Ni kweli, ila ujuzi huohuo ulikuwepo tarehe 3 na haukutosha. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia: usiku wa tarehe 5 walilala pangoni karibu mita 4,600, wakaipunguza safari ya kesho yake kwa takriban mita 300. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu kambi ya chini yao ilikuwa bado hai.

Hapa ndipo linapoingia jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, kiongozi mkongwe aliyefariki mwaka 1996 na anayetajwa kuwa alimwongoza Meyer. Wanaopinga dai hilo wana hoja nzito: ili awe kijana wa kuongoza mwaka 1889, ilibidi afariki akiwa na zaidi ya miaka 120, na aliyetajwa na Meyer kwenye kambi ya juu ni Muini Amani. Naona shaka hiyo ni ya haki. Lakini kumpandisha Lauwo kileleni kwa nguvu ili apate heshima ni kukubali kipimo cha Meyer, kwamba kazi ya mlima huhesabiwa juu tu. Kiongozi hupimwa kwa kujua mgeni alale wapi, apumzike lini na mzigo ufike saa ngapi. Njia ya Marangu bado inafuata hesabu hiyo kwa vibanda vyake: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na safari ya mwisho huanza usiku wa manane.