Gogo Juu ya Gogo

Fundi wa Kinorwei ajengaye kwa magogo huitumia nguvu yake nyingi mahali ambapo mgeni hatapaona. Gogo la chini likishatulia, la juu hulazwa juu yake kwa kujaribia tu. Kisha fundi huchukua chuma chenye ncha mbili na kukiburuta toka mwisho huu hadi ule. Ncha ya chini hupanda na kushuka na kila nundu ya gogo la chini. Ya juu huchora umbo lilelile ubavuni mwa gogo la juu. Gogo hugeuzwa, tumbo lake likachongwa mfuo kwa kufuata mchoro, likatandikwa sufu ya kondoo, likarudishwa. Hapo hukaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Pembeni magogo hupishana kwa mikato iliyoshikana, bila msumari, na kadiri yanavyokauka ndivyo uzito wake unavyozidi kuyabana. Wenyewe huuita ufundi huu laft.

Uzuri wake mwingine ni kwamba nyumba ya namna hii hufumuliwa. Huko Norwei mtu aliweza kununua nyumba pasipo kiwanja: magogo yakatiwa alama kwa shoka, yakashushwa, yakasimamishwa upya kijiji kingine. Ni nyumba ijuayo kuhama, na watu wake walihama kwelikweli. Mwaka 1825 jahazi la Restauration liliondoka Stavanger na watu 52. Katika miaka mia iliyofuata, Wanorwei zaidi ya 800,000 waliifuata njia ya Marekani.

Huko Iowa na Wisconsin msitu haukuwa ule waliouzoea. Badala ya msonobari ulionyooka, walikuta mwaloni, mgumu na wenye kupinda, na majira ya baridi hayakuwa na subira. Wengi wakauacha mfuo, wakapanga magogo yenye mianya na kuikandika kwa udongo na chokaa kama majirani zao. Wapo wanaoliita hilo kuporomoka kwa ufundi. Sioni hivyo. Aliyewahi kukandika ukuta anajua kwamba hata udongo una mkono wake, na kujua lipi la kuacha ni sehemu ya ufundi. Waliofika Bosque, Texas, walikuta mawe ya chokaa, wakawa waashi: kanisa lao la mawe la St. Olaf, la mwaka 1886, lingali limesimama peke yake mashambani.

Lakini kinachonivuta zaidi ni kibanda cha akina Egge, kilichohamishwa mwaka 1913 kutoka shambani hadi Chuo cha Luther mjini Decorah, Iowa, na ambacho leo ni mali ya jumba la makumbusho la Vesterheim. Ni chumba kimoja tu. Mwishoni mwa 1853 familia ya Egge, baba, mama na watoto wawili, ilimpokea humo mchungaji kijana Vilhelm Koren na mkewe Elisabeth, binti wa miaka 21 aliyekulia kwenye nyumba yenye nafasi. Walikaa pamoja majira yale ya baridi, naye Elisabeth akiandika shajara yake. Kila upande wa chumba haufiki mita tano. Pima sebuleni kwako: hatua sita kwenda, sita kurudi, watu sita, na pazia katikati.